Kwa nini hekalu la Ise huvunjwa lingali zima?

Ndugu msomaji uliyeandika kutoka Tanga,

Umeeleza kwamba umesoma mara nyingi jinsi Wajapani wanavyokienzi kitu kikuukuu, hata bakuli la chai likivunjika huliunga kwa dhahabu na kulithamini kuliko lilipokuwa zima. Kisha ukasoma kwamba hekalu lao kuu, lile la Ise, hujengwa upya kila baada ya miaka 20 na la zamani kuvunjwa, ilhali mbao zake bado zina nguvu. Unauliza iwapo watu hao hao wanaweza kushika mambo mawili yanayopingana namna hiyo, na iwapo ni haki kusema hekalu hilo lina miaka zaidi ya 1,300 wakati jengo linaloonekana leo lilikamilika mwaka 2013.

Nianze na hilo la pili. Ni haki kusema yote mawili, mradi tujue tunahesabu umri wa kitu gani. Mbao za Ise ni changa, na makuhani wake hawajapata kumficha mtu jambo hilo. Kinachohesabiwa kuwa cha kale ni ujenzi wenyewe: mpango wa jengo, namna ya kukata mti, kufuma vitambaa, kufua panga na kuandaa chakula cha miungu, yote yakifuata utaratibu ulioanza mwaka 690, wakati wa Malkia Jito. Mtu anayetafuta ukale wa Ise ndani ya mbao hataupata, kwa sababu waliolianzisha hawakuuweka humo.

Ise ni mji wa mkoa wa Mie, karibu na bahari, na linaloitwa hekalu la Ise ni mkusanyiko wa mahekalu 125 makubwa kwa madogo. Mawili ndiyo makuu. La ndani, yaani Naiku, lipo kando ya mto Isuzu na ni makao ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua ambaye ukoo wa wafalme wa Japani humhesabu kuwa ndiye shina lao. La nje, yaani Geku, ni la Toyouke, anayesimamia chakula, mavazi na makazi. Kila moja lina viwanja viwili vya ukubwa mmoja vilivyopakana. Kimoja kina jengo. Cha pili ni kitupu, kimetandazwa kokoto, na katikati yake kuna kibanda kidogo cha mbao kinachofunika mahali ambapo nguzo takatifu ya katikati huchimbiwa. Jengo jipya likiisha kusimama juu ya kiwanja kitupu, mungu huhamishwa usiku, kisha la zamani hubomolewa na kiwanja chake hungoja zamu yake kwa miaka 20 mingine.

Umbo la jengo lina mengi ya kutufundisha. Nguzo zake huchimbiwa ardhini moja kwa moja, bila msingi wa mawe. Sakafu imeinuliwa juu, paa limeezekwa kwa nyasi ndefu, na juu ya mwamba wa paa hulazwa vigogo vya mviringo, 10 katika hekalu kuu la Naiku na 9 katika lile la Geku. Kwenye kila ncha ya paa mbao mbili hupishana na kuchomoza kuelekea mbinguni. Za Naiku hukatwa ncha zake kwa mlalo, za Geku hukatwa wima, na kwa alama hiyo hujua umesimama mbele ya lipi. Ukuta haupakwi rangi wala laka. Wanaakiolojia huona katika umbo hili ghala la mpunga la zama za kale kabisa za kilimo cha Japani, jambo linaloingia akilini, kwa kuwa ibada za Ise kwa kiasi kikubwa ni ibada za mavuno. Na kila aliyekulia katika nyumba ya miti na makuti anajua mwisho wa jengo la namna hiyo: nguzo huanza kuoza pale inapokutana na udongo, na paa hubonyea likaanza kuvuja.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba Ise hujengwa upya kwa sababu wajenzi wa kale hawakuwa na ujuzi wa kujenga kitu cha kudumu. Kauli hiyo haisimami. Wakati hekalu linajengwa upya kwa mara ya kwanza mwaka 690, Wajapani walikuwa wameupokea Ubudha kwa zaidi ya karne moja, na pamoja nao walipokea ufundi wa bara la Asia: nguzo zinazokaa juu ya mawe, paa la vigae, mbao zilizopakwa rangi. Hekalu la Kibudha la Horyuji, lisilo mbali na Nara, lilianzishwa mwaka 607, likaungua mwaka 670, likajengwa tena, na majengo yake ya mbao ndiyo ya kale kuliko yote yanayosimama duniani hadi leo. Mwaka 694 Malkia Jito huyo huyo alihamia Fujiwara, mji mkuu wa kwanza uliopangwa kwa mtindo wa China. Kwa hiyo watawala walioamuru Ise ijengwe kwa nguzo za kuchimbia na paa la nyasi walikuwa na mafundi walioweza kabisa kujenga kwa namna ya kudumu. Walichagua kutofanya hivyo. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo la kushika kuliko yote katika historia ya mahali hapo.

Kwa nini walichagua hivyo, na kwa nini miaka 20? Hakuna andiko la kale lililobaki ambalo linataja sababu. Wapo wanaosema ni umri wa paa la nyasi. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya kurithisha ufundi, kwa kuwa mtu huweza kushiriki mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, mara ya pili akiwa fundi kamili, na mara ya tatu akiwa msimamizi. Maelezo hayo yote yana ukweli wa kutosha, lakini mimi naona yanaeleza faida ya utaratibu kuliko chanzo chake. Chanzo chake nakitafuta katika dini.

Katika Shinto, dini ya asili ya Japani isiyo na mwanzilishi wala mtume, jambo linalomtenga mtu na miungu ni unajisi zaidi kuliko dhambi. Kifo, damu, ugonjwa na uozo huchafua, na uchafu huo huondolewa kwa kujitakasa kwa maji, kwa maombi, au kwa kukiacha kilichochafuka na kuanza upya. Ndiyo maana mahujaji hunawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kuingia hekaluni. Ndiyo maana pia, kabla ya mji wa Fujiwara, ilikuwa kawaida kwa makao ya mfalme kuhamishwa utawala ulipobadilika. Mungu akae katika mbao zinazooza? Kwa fikra hiyo haiwezekani. Mbao mpya za hinoki, mti wa jamii moja na misaipresi inayopandwa katika nyanda zetu za juu, huwa na rangi ya manjano hafifu inayokaribia weupe, na harufu kali na safi, na kwa muumini usafi huo wenyewe ni sehemu ya ibada. Jengo jipya humpa mungu nguvu mpya, na kupitia kwake huipa nguvu nchi na mavuno yake.

Nitahadharishe jambo moja hapa. Ninapoandika miungu, usimfikirie Muumba mmoja wala usifikirie sanamu. Mwanachuoni Motoori Norinaga, aliyeishi kati ya 1730 na 1801 huko Matsusaka, mji ulio jirani na Ise, aliandika kwamba wanaoitwa kwa jina hilo ni chochote kilicho nje ya kawaida na chenye kutia kicho: mlima, bahari, mti, mnyama, mtu, chema na kiovu pia. Ndani ya Naiku hakuna sanamu. Kuna kioo kitakatifu kilichofungwa na kufunikwa, wala hakionyeshwi kwa mtu. Na Wajapani wengi wakiulizwa hujibu kwamba hawana dini, kisha mwaka mpya ukiingia huenda hekaluni na kupiga makofi mawili mbele ya mungu, na mzee wao akifariki huzikwa kwa taratibu za Kibudha. Kwao dini ni mambo yanayotendwa kwa wakati wake, na suala la kuamini kwa moyo hubaki kuwa la mtu binafsi.

Ukitaka kuona uzito wa kutenda huko, tazama jinsi mti wa kwanza unavyokatwa. Sherehe ya kuanza kukata hufanyika katika milima ya Kiso, na ya karibuni zaidi ilifanyika Juni 2025 kwa ajili ya ujenzi utakaokamilika mwaka 2033. Msumeno hautumiki. Wakata miti waliovaa nguo nyeupe hupiga shina kwa mashoka kutoka pande tatu hadi katikati ya mti pabaki uwazi, na shina lishikiliwe na miguu mitatu myembamba tu. Kisha mguu mmoja hukatwa, na mti huangukia palepale palipokusudiwa. Miti miwili hukatwa, na ya pili huangushwa ili kilele chake kipishane na cha kwanza. Baadaye tawi kutoka kileleni huchomekwa katika kisiki, kwa kumshukuru mungu wa mlima na kuomba msitu uendelee kuzaa.

Ujenzi mmoja hutumia miti ya hinoki ipatayo 10,000, na minene kati yake imekua kwa karne kadhaa. Mwaka 1923 hekalu lilianza mpango wa miaka 200 wa kupanda na kutunza msitu wake lenyewe, wenye eneo la hekta 5,500 hivi, ili siku moja lisihitaji kutafuta miti mbali. Katika ujenzi wa 2013 sehemu ya mbao, takriban moja ya tano, ilitoka katika msitu huo, jambo lililokuwa halijatokea kwa miaka ipatayo 700. Waliopanda miche ya 1923 walijua kwamba wao na watoto wao hawataona mti wowote kati ya hiyo ukitoa nguzo kuu.

Wala mbao za zamani hazitupwi. Nguzo mbili nene zinazobeba mwamba wa paa katika hekalu kuu hupigwa randa upya na kuwa lango la kuingilia kwenye daraja la Uji, lile linalovuka mto Isuzu; za Geku husimama upande wa nje wa daraja, za Naiku upande wa ndani. Baada ya miaka 20 hapo, hupelekwa Kuwana na Seki, mahali ambapo mahujaji wa zamani waliingia katika njia ya Ise, zikawe malango huko kwa miaka 20 mingine. Mbao nyinginezo hugawiwa mahekalu ya mikoani, yakiwamo yaliyobomolewa na matetemeko ya ardhi. Basi hata neno kuvunja, tunalolitumia kwa wepesi, linahitaji kuangaliwa.

Pamoja na jengo, vyombo na mavazi ya miungu navyo hutengenezwa upya: aina 714, jumla ya vitu 1,576. Humo mna panga, pinde, vioo, hariri, vyombo vya kufumia, na hata kinanda cha nyuzi. Nikupe mfano wa upanga mmoja uitwao Sugari. Mpini wake hupambwa kwa manyoya mawili ya ndege toki, kwarara mweupe mwenye wekundu wa waridi chini ya mbawa, yanayofungwa kwa uzi mwekundu wa hariri. Ndege huyu aliwindwa na mashamba yake ya mpunga yakatiwa sumu hadi mwaka 1981, toki watano wa mwisho waliokuwa huru Japani walipokamatwa ili watunzwe. Wa mwisho aliyezaliwa Japani alikufa mwaka 2003. Ndege wanaoruka sasa katika kisiwa cha Sado ni kizazi cha waliotoka China kuanzia mwaka 1999. Utaratibu wa Ise unadai manyoya yale yale, hivyo ujuzi wa kufua upanga hautoshi. Lazima ndege awepo, na shamba la mpunga analokula humo liwepo. Waandishi wengi wa habari za Ise huishia kwenye useremala, nami naona wanaacha nusu ya habari.

Sasa, je, kila kitu kimebaki kama kilivyokuwa mwaka 690? Hapana, na mtu anayekuambia kimebaki hivyo hajasoma historia ya vita. Katika karne ya 15 na ya 16 Japani iliraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ujenzi ulisimama kwa zaidi ya miaka 120. Waliokusanya fedha za kuufufua walikuwa watawa wa kike wa Kibudha wa nyumba ya Keikoin. Kwa juhudi za mtawa Seijun, Geku ilijengwa upya mwaka 1563, na mwenzake Shuyo akaendeleza kazi hiyo hadi Naiku ikajengwa mwaka 1585. Watawa hao walifanya hivyo ingawa desturi ya Ise iliwazuia wafuasi wa Ubudha waliovaa joho kusogea karibu na hekalu, wakasali kutoka mbali. Baada ya pengo refu kama hilo mafundi waliowahi kushiriki walikuwa wamekwisha kufa, ikabidi kutegemea maandishi. Ghala mbili za hazina za Naiku, ambazo zamani zilisimama nyuma ya hekalu kuu, zikajengwa ubavuni mwake, na hazikurudishwa nyuma hadi ujenzi wa 1889. Vita vya pili vya dunia navyo vilisogeza ujenzi wa 1949 hadi 1953, na tangu hapo gharama zote hutoka katika fedha za hekalu na michango ya watu, kwa kuwa serikali imekatazwa kuifadhili dini.

Nirudi kwenye bakuli lako. Kwanza, kinachounganisha vipande vyake ni laka, utomvu wa mti uitwao urushi, ambao hukauka polepole mahali penye unyevunyevu kwa siku nyingi. Vumbi la dhahabu hunyunyizwa juu ya mshono mwishoni. Pili, upendo wa kitu chenye mikwaruzo na rangi iliyofifia ulikuzwa hasa na watu wa chai wa karne ya 16, wakiongozwa na Sen no Rikyu, mfanyabiashara wa mji wa bandari wa Sakai, aliyeishi kati ya 1522 na 1591 na aliyejifunza Zen, tawi la Ubudha linalosisitiza kutafakari. Ubudha hufundisha kwamba hakuna kinachodumu, na bakuli la udongo lililopasuka humwonyesha mtu fundisho hilo mkononi mwake. Shinto ya Ise nayo inajua vizuri kwamba hakuna kinachodumu, lakini jibu lake ni kufanya tena. Hizi ni njia mbili za kukabili ukweli mmoja, na Wajapani wamezitumia pamoja kwa karne nyingi bila kuona haja ya kuchagua moja.

Tena hata ndani ya chumba cha chai zimekaa pamoja. Mwenyeji anaweza kukuletea bakuli la miaka 400 lenye nyufa, akaliheshimu kama mzee wa nyumba. Lakini kitambaa cha kitani cha kulipangusia kinatakiwa kiwe kipya na cheupe kabisa, na kipekecheo cha mwanzi cha kukorogea chai kiwe kipya pia, hakijapata kutumika. Ukiketi pale utaona kitambaa kile kikipita juu ya udongo ule mweusi, na hutahitaji mtu akueleze uhusiano wao. Msomaji aliyefundishwa kwamba uzuri wa Kijapani ni uchakavu peke yake ataliona bakuli na atakikosa kitambaa.

Umeuliza pia kama mgeni anaweza kuona haya yote akifika. Hekalu kuu huwezi kulikaribia. Limezungukwa na nyua nne za mbao, na mahujaji, ambao mwaka 2013 walizidi milioni 14, husali nje wakiona sehemu ya paa tu. Usiku wa kumhamisha mungu, kwa Naiku ulikuwa tarehe 2 Oktoba 2013, taa zilizimwa, kuhani akaiga mlio wa jogoo mara tatu, kama majogoo waliowika ili kumtoa Amaterasu pangoni katika simulizi za kale, na msafara ukapita gizani ukiwa umezingirwa kwa pazia la hariri nyeupe. Lakini kazi za kabla ya usiku huo huwa na nafasi kwa watu wa kawaida. Katika duru iliyopita wakazi wa Ise na wageni walivuta magogo kwa kamba mwaka 2006 na 2007, na kiangazi cha 2013 walibeba mawe meupe ya mto Miyagawa hadi ndani ya ua wa hekalu jipya, mahali ambapo mungu akishahamia hawaruhusiwi kukanyaga tena. Ukiweza kusafiri mara moja tu, nenda mwaka wa mawe, ambao kwa duru hii unatarajiwa kuwa 2033.